Hizo Kauri Kwenye Nywele Zako Ziliwahi Kuwa Doo

Aprili nilimsindikiza dada yangu saluni hapa Matasia, karibu na steji. Alikuwa anasukwa rasta ndefu, zile za kufika kiunoni, na msusi akamuuliza kama anataka "zile vitu za bahari". Akatoa kikopo cha plastiki kimejaa kauri. Bob kumi kila moja. Dada akachagua kumi na mbili, akapiga picha, akaposti kabla hata ya kichwa kumalizika. Mnajua hiyo stori.

Kando yetu alikuwa ameketi koko mmoja wa Kimaasai, amemleta mjukuu wake kunyolewa. Huyo mtoto alikuwa na kamba ya ngozi shingoni, na kwenye hiyo kamba kauri moja tu, kuukuu, imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Koko akaangalia kikopo, akaangalia kichwa cha dada, akauliza: "Hizi mnauza kwa hesabu?" Akaambiwa ndiyo. Akacheka. Nikamuuliza ile ya mtoto aliinunua wapi. Akasema hakununua. Ilitoka kwa mama yake, na mama yake aliipata kwa mama yake, na zaidi ya hapo tusimsumbue.

Nilirudi nyumbani na swali moja ambalo halikuniacha nilale. Kutoka hapa hadi baharini ni kama kilomita mia tano. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Lakini kauri zilikuwa zimetangulia reli kufika bara kwa miaka mingi sana. Nani alizibeba? Na mbona kitu ambacho koko anacheka kikiuzwa kwa hesabu kiliwahi kuwa, sehemu zingine za Afrika, hesabu yenyewe? Nimekuwa nikisoma tangu hapo. Hii posti ni ndefu, tafuta chai.

Kwanza tujue tunaongea juu ya nini, kwa sababu kuna mtu aliwahi kuniandikia kwamba kauri ni jino la samaki. Si jino. Ni nyumba ya konokono wa baharini. Akiwa hai hata hutaona ule mng'ao, kwa sababu anatoa ngozi laini kutoka pande zote mbili na kujifunika nayo mgongoni, vile mzee anavyojitanda shuka asubuhi ya baridi. Hiyo ngozi ndiyo inapaka ganda kwa nje, tabaka juu ya tabaka, na ndiyo maana kauri ni laini kama kikombe cha udongo kilichopakwa rangi ya kung'aa. Wale mnaopenda abaloni, lile ganda kubwa la mtandaoni lenye rangi za petroli juu ya maji, hilo ni kinyume: nje limekwaruzika kama mwamba na safu ya matundu ya kutolea maji, uzuri wote uko ndani. Abaloni wakubwa ni wa bahari baridi, Afrika Kusini, California, Japani. Wa kwetu ni wadogo, hakuna aliyewahi kutajirika nao. Bahari yetu yenye joto ilikuwa na kauri, na kwa kauri watu walitajirika vibaya sana.

Kuna aina nyingi, lakini mbili ndizo zilibeba historia. Ya kwanza ni ile ndogo ya manjano, iliyovuliwa zaidi visiwa vya Maldivi. Ya pili ni ya kwetu: kubwa kidogo, nyeupe ya kijivu, na mgongoni ina duara ya rangi ya chungwa kama pete. Wanasayansi wanaiita Monetaria annulus, na hiyo annulus maana yake ni pete kweli. Inaishi kwenye maji mafupi, juu ya matumbawe na kwenye nyasi za bahari, kuanzia Lamu hadi Msumbiji na mbali zaidi. Mchana inajificha chini ya mawe, usiku inatoka kula mwani. Jike akitaga analalia mayai yake kama kuku. Nilikaa na hiyo habari dakika nzima.

Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpya au mpevu, bahari inakupwa hadi mwamba wote unabaki wazi. Hapo watu wa pwani, hasa wanawake na watoto, walikuwa wanashuka na vikapu kuokota. Halafu unazifukia mchangani, unangoja nyama ioze, unazifukua na kuziosha. Fikiria hiyo harufu. Sasa zidisha kwa mabilioni, kwa sababu tutafika huko.

Kwa Kiswahili kauri ina majina zaidi ya moja. Watu wa zamani waliita simbi pia, na zile ndogo wakaita kete, kwa sababu zilikuwa za kuchezea bao. Ndiyo, kete hiyo hiyo unayosogeza kwa drafti ya vifuniko vya soda. Na ndiyo hiyo hiyo polisi wakikamata mtu wa unga kule Pwani wanasema alipatikana na kete kadhaa. Neno moja limetoka kwa konokono, likapita kwa mchezo, likaishia kwa heroini.

Sasa, zilifikaje huku? Hapa ndipo Matasia inaingia, na sisi huwa tunajiona hatuna historia ila ya bei ya ploti.

Katika karne ya 19 pembe za ndovu zilikuwa zinashuka kutoka bara kwenda Mombasa, Pangani na Zanzibar, na vitu vya pwani vilikuwa vinapanda. Mwanzoni Wakamba ndio walioshika hiyo njia. Misafara yao ilitoka Ukambani ikashuka hadi pwani na kurudi, kabla Waswahili na Waarabu wa pwani hawajazoea kuingia ndani wenyewe. Baadaye misafara ya Waswahili ikawa inapita Taveta, inavuka nchi ya Wamaasai, na moja ya vituo vikubwa ilikuwa hapa hapa, chini ya milima ya Ngong. Walipaita Ngongo Bagas, mahali pa chemchemi ya mto Mbagathi. Hapo wapagazi walipumzika na kununua chakula kwa Wakikuyu kabla ya kuendelea Naivasha. Joseph Thomson, Mskoti, alipita mwaka 1883 akielekea Ziwa Nyanza. Vitabu vya shule vinamwita mvumbuzi, lakini aliongozana na mfanyabiashara wa pembe kutoka Pangani aitwaye Jumbe Kimemeta, ambaye alikuwa anajua njia hiyo vile wewe unajua njia ya kwenda Kiserian. Aliyevumbua ni nani hapo?

Wamaasai hawakuruhusu mtu kupita bure. Ulilipa kwa shanga, kwa nyaya za chuma, kwa nguo, na kila kituo kilikuwa na madai yake. Malipo hayo ya kupitia njia yaliitwa hongo. Hongo haikuwa aibu wakati huo, ilikuwa ushuru halali wa wenye nchi. Ukisimamishwa leo usiku na mtu mwenye tochi, kumbuka neno limeshuka hadhi.

Shanga ndizo zilikuwa na soko kubwa kwa Wamaasai, siwezi kudanganya kwamba walilia na kauri. Lakini kauri zilipanda na njia hizo hizo, mkono kwa mkono, na zikapata kazi: kwenye sketi za ngozi za wanawake, kwenye mikanda, kwenye kamba za vibuyu vya maziwa, shingoni mwa watoto. Kazi ya uzuri na ya baraka. Mtu hakwenda sokoni na kauri hapa kununua mbuzi. Mali ilikuwa ng'ombe, basi. Weka hiyo akilini.

Ukichukua kauri ya zamani ya kushonwa na kuigeuza, utaona haina mgongo. Umepasuliwa na kusagwa ili ikae bapa na uzi upite. Ile pete ya rangi ya chungwa inakwenda na mgongo, ila wakati mwingine mstari wake unabaki ukingoni. Huo mstari ndio cheti cha kuzaliwa. Ukiuona, ujue huyo konokono hakutoka Maldivi, alitambaa kwenye mwamba wa pwani kama ya kwetu.

Maldivi ndiyo ilianza hii biashara. Ibn Battuta, yule msafiri wa Tangier aliyepitia Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika Maldivi mwaka 1343 na kufanywa kadhi. Aliandika kwamba watu wa huko waliuza kauri Bengali kununua mchele. Miaka michache baadaye alivuka Sahara hadi Gao, kwenye mto Niger, na akakuta kauri hizo hizo zinatumika kama pesa. Kutoka kisiwa katikati ya Bahari ya Hindi hadi ng'ambo ya jangwa, karne ya 14, bila meli ya Mzungu hata moja.

Wazungu walipokuja walielewa haraka. Wareno kwanza, halafu Waholanzi na Waingereza, walikuwa wanajaza kauri chini ya meli zao huko India na Ceylon kama uzito wa kuituliza meli baharini, wanazipeleka Ulaya, zinauzwa kwa mnada Amsterdam na London, halafu wafanyabiashara wa watumwa wanazibeba hadi pwani ya Benin na Nigeria ya leo kununua watu. Wanahistoria Jan Hogendorn na Marion Johnson, walioandika kitabu kizima juu ya hii pesa mwaka 1986, wanakadiria kwamba katika karne ya 18 peke yake kauri kama bilioni kumi zilipelekwa Afrika Magharibi. Konokono wa kuchezea bao. Kila ukiona picha ya kauri yenye maandishi ya "utajiri wa mababu zetu", kumbuka na huo upande. Mababu wengine ndio walikuwa bidhaa.

Zanzibar iliingia baadaye, katikati ya miaka ya 1840. Kampuni ya Hertz ya Hamburg ilikuwa inatafuta kauri za Maldivi, ikagundua kwamba Zanzibar kuna hii ya pete, kubwa kuliko ile, na bei ya kutupa. Ikajaribu kuipeleka Afrika Magharibi. Sehemu kadhaa ikapokelewa. Basi wengine wakafuata: O'Swald, pia wa Hamburg, wakafungua ofisi Zanzibar mwaka 1849, na Wafaransa wa Marseille nao wakaingia. Wakati huo Uingereza ilikuwa inazuia meli za watumwa upande wa Atlantiki, na pwani ya Lagos na Ouidah ilikuwa inauza mafuta ya mawese kwa ajili ya sabuni na kulainisha mashine za Ulaya. Mafuta yalinunuliwa kwa kauri. Kauri zikatoka kwetu.

Kati ya 1851 na 1869 kampuni chache za Kijerumani na Kifaransa zilisafirisha zaidi ya tani 30,000 za kauri kutoka Afrika Mashariki. Tani. Kila kauri ya pete ina uzito wa gramu mbili na nusu hivi, kwa hivyo piga hesabu mwenyewe, mimi kikokotoo cha simu kilinipa zaidi ya bilioni kumi na mbili. Zote hizo zimeokotwa moja moja na mikono ya watu, wengine wao watumwa, wakiinama kwenye mwamba wakati wa bamvua.

Unajua kinachofuata kama umewahi kukaa kwa darasa la uchumi hata wiki moja. Ukimwaga pesa nyingi hivyo, inakuwa takataka. Mama wa soko huko Yorubaland aliyekuwa ameweka akiba ya magunia ya kauri alijikuta magunia ni yale yale, vitu vinavyonunuliwa ni vichache. Hakuna aliyemwibia. Hakuna mlango uliovunjwa. Akiba yake ilimalizwa na meli ambazo hakuwahi kuziona, zikitoka bandari ambayo hakuwahi kusikia jina lake. Matajiri wa kampuni walikuwa wanajua meli ngapi zinakuja, yeye hakujua. Hiyo ndiyo tofauti yote.

Lakini stori iliyonikalia vibaya zaidi haiko Lagos. Iko jirani, Uganda.

Buganda walikuwa na pesa zao kabla ya kauri: shanga za buluu, na visahani vya pembe ya ndovu. Kauri zilifika huko kupitia misafara ya kusini ya ziwa. John Roscoe, mmishonari aliyeandika juu ya Baganda mwaka 1911, alisimuliwa kwamba zilianza kuingia zamani za Kabaka Semakokiro, na mwanzoni zilikuwa adimu hivi kwamba mbili zilitosha kununua mwanamke. Nilisoma hilo sentensi mara mbili. Kufika wakati wake Roscoe ng'ombe mmoja alikuwa kama 2,500. Zilikuwa zinatungwa kwa uzi mia mia, ndiyo kuhesabu kusichoshe, na mtu wa soko alikuwa anajua kwa macho kamba ambayo imepungua.

Mwaka 1900 Waingereza na machifu wa Buganda wakatia sahihi Mkataba wa Uganda. Ndani yake kulikuwa na kodi ya nyumba: rupia tatu kwa mwaka. Rupia ilikuwa pesa ya fedha ya India, ndiyo ilitumika kwenye himaya huku kwetu. Mwanzoni serikali ilikubali kauri, karibu elfu moja kwa rupia moja. Sasa angalia uzito. Rupia moja ni gramu kumi na mbili hivi. Kauri elfu moja ni kilo mbili na nusu. Mtu mwenye nyumba moja anabeba kilo saba na nusu za konokono kwenda kulipa kodi, na karani anazihesabu. Mpagazi mmoja mwenye mzigo wa kilo thelathini amebeba rupia kumi na mbili, na yeye mwenyewe anataka kulipwa. Kwa serikali hiyo ilikuwa hasara inayotembea.

Halafu reli ilikuwa inakuja. Ilifika Kisumu Desemba 1901. Treni inaweza kupandisha kauri kutoka pwani kwa bei ya chini kabisa, na yeyote mwenye mtaji angejaza behewa, apande nalo, na kununua nusu ya Buganda. Serikali iliona hiyo kabla haijatokea. Mwaka 1901 ikaacha kupokea kauri kwa kodi, na ikazuia zisiingizwe.

Nataka tusimame hapo kidogo, kwa sababu tumezoea kusema kwamba pesa za zamani "zilipitwa na wakati". Maneno matamu hayo. Jioni watu wanalala na kauri kwenye vikapu, asubuhi kauri ni zile zile, hazijaoza, hazijavunjika, jirani bado anazikubali kwa ndizi. Kilichobadilika ni karani mmoja mezani ambaye jana alipokea na leo hapokei. Na kwa sababu kodi lazima ilipwe kwa rupia, na rupia ziko kwa Mzungu, kwa Mhindi wa duka na kwa chifu, basi lazima ukawafanyie kazi hao. Hapo ndipo kauri ilikufa, kwenye meza ya kodi. Sokoni ilitapatapa miaka michache zaidi, mabadiliko ya ndizi na chumvi, kisha ikawa kitu cha waganga na cha kuchezea watoto.

Waliopata hasara hawakuwa wakubwa. Machifu walikuwa kwenye mkutano, walijua mapema, na mkataba huo huo uliwapa ardhi. Mwenye kauri zilizofukiwa chini ya sakafu, kijiji cha mbali, alisikia wa mwisho.

Na mkoloni aliona watu wamezoea kutunga pesa kwenye uzi. Kwa hivyo sarafu ndogo za kwanza zilizotengenezwa kwa ajili ya himaya za Afrika Mashariki na Uganda, mwaka 1907 na 1908, zilikuwa na tundu katikati. Senti ya alumini, nyepesi kama karatasi, na nusu senti pia. Alumini ililiwa na jasho na unyevu ikabidi wabadilishe chuma upesi, lakini tundu lilibaki. Ndururu aliyokuwa anapewa guka wangu kununua peremende ilikuwa na tundu. Sarafu za senti tano na kumi zilibaki na tundu hadi 1964. Kenya ilipotoa zake mwaka 1966 likaisha. Miaka karibu sitini tulibeba mfukoni kivuli cha konokono bila kujua.

Maneno nayo hayafi haraka. Watanzania wanasema hela, na hela ilikuwa sarafu ndogo ya Wajerumani ya mwaka 1904. Pesa yenyewe ilikuwa paisa ya India. Utawala unaondoka na sarafu yake, neno linabaki kwa kinywa cha makanga.

Sasa niwaambie kwa nini hii kitu ilinigusa, maana si kauri.

Guka alifariki 2017. Alikuwa mtu wa kuweka. Hakuwa na imani na benki, simu alikuwa nayo ya kupokea tu, na kila alipouza ndama au gunia la viazi tulijua kuna mahali pesa inakwenda, hatukujua wapi. Tarehe 1 Juni 2019, Madaraka Dei, sherehe zilikuwa Narok, hapo tu ng'ambo ya Bonde la Ufa. Gavana wa Benki Kuu, Patrick Njoroge, akatangaza noti mpya, na kwamba noti za zamani za elfu moja zitaacha kutumika tarehe 30 Septemba. Miezi minne. Lengo lilikuwa kunasa pesa chafu zilizofichwa na wakubwa, na sisi tulipiga makofi. Nakumbuka mimi mwenyewe nilitengeneza video ya kuchekesha juu ya wezi wanaolia.

Desemba tukabomoa jiko la zamani la shosho. Juu ya dari, nyuma ya boriti, kulikuwa na mkebe wa majani ya chai umefungwa kwa mpira wa tairi. Ndani noti arobaini na moja za elfu, zimekunjwa nne nne. Baba alizipeleka benki siku iliyofuata, akarudi nazo. Yule kijana wa kaunta alikuwa mpole sana, baba anasema, hata alisimama. Lakini tarehe ni tarehe. Sina wa kulaumu, tangazo lilirudiwa kwa redio hadi likachosha, na sisi hatukutafuta kwa dari kwa sababu hatukufikiri. Guka ndiye angejua, na yeye hakuwepo.

Ilipohesabiwa, noti zaidi ya milioni saba za elfu hazikurudi, zaidi ya shilingi bilioni saba. Watu walisema ni za mafisadi. Nyingine, ndiyo. Lakini mimi najua arobaini na moja ambazo zilikuwa za viazi.

Kwa hivyo nilipofika kwenye ule mwaka 1901 wa Uganda, sikusoma kama historia. Nilikuwa naona mkebe.

Najua kuna mtu anaandika saa hii hapo chini: si afadhali Wamaasai, wao waliweka mali kwa ng'ombe, kauri wakafanya urembo, hawakupoteza kitu. Hiyo ilikuwa fikra yangu pia, na niliipenda, inafungia posti vizuri. Kisha nikasoma juu ya Emutai. Karibu mwaka 1891 sotoka iliingia nchi ya Wamaasai kutoka kaskazini na kumaliza karibu ng'ombe wote, juu ya homa ya mapafu iliyokuwa imeanza kuwaua tangu miaka ya 1880. Ndui ikafuata, ikaua watu. Njaa ikamaliza waliobaki. Waingereza walipokuja kuchukua ardhi miaka michache baadaye walikuta taifa ambalo benki yake yote ilikuwa imelala kwenye nyasi ikioza. Ng'ombe hawana tarehe ya mwisho kutoka kwa gavana, lakini wana yao.

Na ardhi je? Hapa Kajiado tunaambiwa ardhi haifi. Eka zilizouzwa hapa Matasia na wazee wa koko kwa bei ya pikipiki leo zina ghorofa, na mwenye kuuza alilipwa noti. Sijui aliziweka wapi hizo noti. Natumaini si kwa dari.

Kitu kimoja zaidi kabla hamjaenda kununua kauri mtandaoni. Hizi za kikopo cha saluni nyingi bado zinatoka kwa konokono aliyekuwa hai, na zingine siku hizi ni plastiki tupu. Ukienda Malindi au Watamu, ndani ya hifadhi za bahari zilizotengwa tangu 1968, hairuhusiwi kuokota hata ganda tupu. Ganda tupu lina mpangaji: kaa wa kuhamahama anaingia, anakaa, likimbana anatafuta jingine. Mimi nilikuwa nimejaza mfuko wa suruali kwa safari ya shule, kidato cha pili, na mlinzi akanifanya nizirudishe moja moja mbele ya darasa. Nilimchukia sana yule mzee.

Koko nilimwona tena wiki mbili zilizopita, akingoja matatu ya Ngong. Nikamwambia nimesoma, kwamba kuna mahali ng'ombe mmoja alikuwa kauri elfu mbili na mia tano. Alifikiri kidogo. Akauliza ng'ombe wa aina gani. Nikasema kitabu hakijasema. Akanitazama kama mtu ambaye amepoteza muda wake chuoni, gari likaja, akapanda.

Dada alifumua rasta Jumapili. Kauri zilikuwa kumi na moja, moja iliangukia kwa gari au kwa mto wa kulalia, hatujui. Nilizigeuza zote mezani moja moja. Tano ni plastiki, unaona hata mshono wa kiwanda. Sita ni za kweli, na mbili kati ya hizo zina ule mstari wa rangi ya chungwa ukingoni. Shosho alikuja akaziangalia, akauliza ni za nini, nikamwambia. Akazichukua zile mbili, akaenda nazo chumbani, na nikasikia kifuniko cha mkebe wa majani kikifunguka.